Vita vya Machipu na Mfuko wa Mtu wa Mwandiga

Leo Simba na Yanga pembeni, siasa nazo pembeni. Leo naandika kuhusu kesi za makampuni yanayotengeneza machipu ya simu. Usifunge ukurasa kwanza! Najua unajiuliza, "hayo yananihusu nini mimi?" Yanakuhusu sana tu. Ndani ya bei ya simu janja uliyoshika kuna ada ambayo hukuambiwa, kwa kiwango ambacho hukuulizwa, inayokwenda kwa mtu usiyemjua. Na kama simu yako ni ya bei ya chini, basi kwa ratiba walizozitangaza wenyewe, kiwango chako ni kikubwa kuliko cha bosi wako mwenye simu ya mamilioni. Subiri, nitaonyesha hesabu.

Naandika nikiifikiria Mwandiga, pale unapotoka Kigoma mjini, barabara ya Manyovu inapoelekea mpakani Burundi. Nenda pale sokoni. Utakuta mawese kwenye madumu, dagaa wa Ziwa Tanganyika, ndizi, na katikati ya hivyo vyote meza ya fundi simu. Angalia kilichopo mezani: Tecno, itel, Infinix, na vitochi vilivyochoka. Sasa vifungue. Ndani utakuta chipu ya MediaTek ya Taiwan au ya Unisoc ya Uchina. Chipu ya Qualcomm ya Marekani utaitafuta sana. Lakini cha ajabu ni hiki: hata kama chipu si ya Qualcomm, Qualcomm anadai chake!

Hapo ndipo mjadala wetu unapoanzia.

Hataza ni nini, na nani anamlipa nani?

Kwa kifupi: ukibuni kitu kipya, serikali inakupa haki ya kuwazuia wengine wasikitumie bila idhini yako kwa muda fulani, kwa kawaida miaka 20. Haki hiyo Waswahili wa kamusi wanaiita hataza, sisi wa mtaani tunasema patenti. Anayetaka kutumia ubunifu wako anaomba leseni na kukulipa. Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Mbunifu ale jasho lake.

Tatizo linaanza pale ubunifu unapoingizwa kwenye kiwango cha pamoja. Simu ya Tecno lazima izungumze na mnara wa Vodacom, Airtel, Yas au Halotel kwa lugha moja. Lugha hiyo, 3G, 4G, 5G, inakubaliwa vikaoni na makampuni yenyewe kupitia vyombo kama ETSI, chenye makao Ufaransa. Kampuni inayotoa hataza zake ziingie kwenye kiwango inaombwa kuahidi kwamba itatoa leseni kwa masharti ya haki, ya kiasi na yasiyo na ubaguzi. Sababu ni rahisi kuelewa. Ukishaweka jiwe lako kwenye msingi wa nyumba ya kijiji kizima, huna haki ya kusema kila anayeingia akulipe unavyotaka wewe.

Qualcomm ilianzishwa San Diego mwaka 1985 na akina Irwin Jacobs na Andrew Viterbi. Walichukua mbinu iitwayo CDMA na kuonyesha kwamba inafaa kwenye simu za mkononi, wakati wakubwa wengi hawakuamini. Heshima yao wapewe! Na kizazi cha 3G karibu chote kilijengwa juu ya wazo hilo. Hata hapa Tanzania tuliwahi kuziona simu za CDMA waziwazi: TTCL walizileta miaka ya 2000, na Sasatel wakaanza nazo Dar mwaka 2009. Sasatel leo haipo, lakini wazo la CDMA lilibaki ndani ya 3G, na ada ikabaki nalo.

Lakini Qualcomm ana biashara mbili chini ya paa moja. Anauza machipu, na anauza leseni za hataza. Kwa miaka mingi utaratibu wake ulikuwa huu: mtengeneza simu asiyekuwa na leseni yake hauziwi chipu. Na leseni haitolewi kwa mtengeneza chipu mwenzake, inadaiwa kwa mtengeneza simu, kwa asilimia ya bei ya simu nzima. Si bei ya chipu. Simu nzima! Kioo, betri, kamera, kasha, vyote vinahesabiwa. Ni sawa na fundi aliyekuwekea kitasa cha mlango halafu anadai asilimia ya thamani ya nyumba.

Mwaka 2009 Qualcomm na MediaTek walitangaza makubaliano ya hataza kati yao. Ukisoma taarifa ile utaona kitu kidogo chenye maana kubwa: wateja wa MediaTek hawakupata haki yoyote kupitia makubaliano hayo. Yaani wakubwa wawili wamepeana mikono wasishtakiane hovyo, lakini mtu anayenunua chipu ya MediaTek na kuiweka kwenye simu bado akapige hodi kwa Qualcomm. Mafahali wamepatana, nyasi zimebaki na deni.

Wao kwa wao wanaheshimiana?

Kila ukizungumzia hataza Afrika, atatokea mtu mwenye tai akuhubirie kuhusu kuheshimu haki za wabunifu. Sawa. Basi tuwaangalie wahubiri wenyewe.

Mwaka 2005 Broadcom, mtengeneza machipu mwingine wa Marekani, aliishtaki Qualcomm. Qualcomm naye akajibu kwa kesi zake, mojawapo kuhusu hataza mbili zinazogusa kiwango cha video cha H.264. Hoja ya Broadcom ilikuwa nyepesi: nyinyi mlishiriki kwenye kamati iliyotengeneza kiwango hiki, mkanyamaza kuhusu hataza zenu, sasa mnatudai. Qualcomm wakakana kwamba hawakushiriki wakati kiwango kinatengenezwa. Wakakana tena na tena. Mwaka 2007, mwishoni mwa kesi, zikaanza kuchomoza barua pepe. Baada ya upekuzi zikapatikana nyaraka zaidi ya 46,000 ambazo zilipaswa kutolewa mahakamani na hazikutolewa. Januari 2008 hakimu akawaamuru wailipe Broadcom zaidi ya dola milioni 8.5.

Wakati huohuo, Juni 2007, tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani ikapiga marufuku simu mpya zenye machipu fulani ya Qualcomm zisiingie nchini humo, kwa sababu ziligusa hataza ya Broadcom. Mwezi uliofuata kampuni ya simu ya Verizon ikakubali kumlipa Broadcom dola 6 kwa kila simu husika ili biashara iendelee. Aprili 2009 vita vikaisha: Qualcomm akakubali kumlipa Broadcom dola milioni 891 kwa miaka minne.

Nokia? Leseni yao na Qualcomm iliisha Aprili 2007, wakagombana kwenye mahakama za mabara matatu, wakasaini mkataba mpya Julai 2008. Apple? Walishtaki Januari 2017, wakamalizana Aprili 2019, na Qualcomm akaandika kwenye vitabu vyake mapato ya dola kati ya bilioni 4.5 na 4.7 kutokana na suluhu hiyo.

Jamani, mnaona mchezo? Kwa wakubwa, hataza ni fimbo ya kuanzia mazungumzo. Unapigwa, unapiga, mnakaa, mnasaini, mnagawana. Kwa sisi inaletwa kama amri kumi za Musa.

Hesabu niliyoahidi

Qualcomm walipotangaza ratiba yao ya 5G, walisema watatoza asilimia 3.25 ya bei ya jumla ya simu, yaani bei ya kiwandani, kwa hataza za lazima. Lakini wakaweka kikomo: bei inayohesabiwa haizidi dola 400. Inasikika kama huruma, sivyo?

Sasa piga hesabu. Simu ya dola 100: asilimia 3.25 ni dola 3.25. Simu ya dola 1,000: inahesabiwa kama ya dola 400, kwa hiyo ada ni dola 13. Hiyo ni asilimia 1.3 tu ya bei yake. Mwenye simu ya mamilioni analipiwa asilimia 1.3, kijana wa Mwandiga aliyeuza mawese mwaka mzima analipiwa asilimia 3.25. Kama waziri wa fedha angeleta bungeni kodi ya mtindo huu, ya kumkamua wa chini zaidi ya wa juu, wabunge wangeruka juu ya meza. Hii haikupita bungeni. Ilipangwa San Diego.

Mtaniambia viwango vya kutangazwa ni mwanzo tu, mikataba halisi ina mapunguzo. Kweli. Na mapunguzo hayo ni siri. Anayepunguziwa ni mwenye nguvu mezani, na ndiyo maana napiga kelele: sisi mezani hatupo kabisa!

Waliokataa kukaa kimya

Februari 2015 serikali ya Uchina iliipiga Qualcomm faini ya dola milioni 975. Lakini faini si kitu. Kitu ni sharti lililofuata: kwa simu zinazouzwa kutumika ndani ya Uchina, ada ihesabiwe kwa asilimia 65 tu ya bei ya simu, si bei yote. Asilimia 5 kwa simu za 3G, asilimia 3.5 kwa za 4G zisizo na 3G. Chukua simu ya 3G ya dola 60. Kwa bei nzima ada ni dola 3. Kwa hesabu ya Uchina ni dola 1.95. Zaidi ya dola moja imebaki kwa kila simu. Zidisha kwa mamia ya mamilioni ya simu. Punguzo hilo liliandikwa kwa ajili ya Wachina. Halikuandikwa kwa ajili ya Mwandiga.

Korea Kusini waliwatoza faini ya takribani won trilioni 1.03 mwaka 2016, na mahakama yao ya juu ikaibariki mwaka 2023. Taiwan walitoza mwaka 2017, wakamalizana mwaka 2018 kwa Qualcomm kuahidi kuwekeza dola milioni 700 kisiwani humo.

Nisiwe muongo, kuna walioshindwa pia. Ulaya waliwatoza euro milioni 997 mwaka 2018, mahakama ikaifuta mwaka 2022. Marekani kwenyewe Jaji Lucy Koh aliamua dhidi ya Qualcomm Mei 2019, mahakama ya rufaa ikamgeuzia Agosti 2020. Kwa hiyo sisemi kwamba kila anayefungua jalada anashinda. Nasema waliofungua jalada walisikilizwa. Sisi hatujafungua hata ukurasa.

Delhi wanagombana kuhusu soko letu

Tecno, itel na Infinix zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Kwa wingi wa simu, hao ndio wafalme wa Afrika. Julai 2024 Qualcomm aliwashtaki Transsion katika Mahakama Kuu ya Delhi, India. Philips naye alikuwa na kesi yake na Transsion hukohuko. Transsion wakajitetea kwamba kuna wenye hataza wanaotaka kiwango kimoja kwa dunia nzima bila kujali tofauti za kipato kati ya nchi na nchi. Baadaye Qualcomm na Transsion wakakaa, leseni ikasainiwa. Masharti yake? Siri yao.

Hapa nataka tuelewane. Mimi si wakili wa Transsion. Hiyo ni kampuni kubwa iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Shanghai tangu 2019, na inapolia kuhusu umaskini wa Afrika inalinda faida yake. Lakini hoja yenyewe ni ya kweli, na aibu ni yetu: hoja ya umaskini wetu imebebwa na Mchina, mbele ya jaji wa Kihindi, dhidi ya Mmarekani. Mwafrika mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa kwenye foleni ya kununua bando!

Sisi tulifanya nini? Tulizima simu

Mnakumbuka Juni 16, 2016? Usiku ule TCRA walizima simu zote zenye namba za utambulisho zisizo halali. Kenya walishafanya hivyo mwaka 2012. Tukaambiwa feki ni mbaya: zina mionzi, zinasaidia wahalifu, zinaua biashara halali. Baadhi ya hayo ni kweli, na sitetei mtu anayebandika jina la Nokia kwenye simu isiyo ya Nokia. Huo ni wizi wa jina.

Lakini tujiulize zile "simu za Mchina" zilitufanyia nini. Laini mbili, wakati makampuni makubwa hayataki kusikia, na mtu wa Kigoma anahitaji mbili kwa sababu mtandao huu unashika hapa na ule unashika kule ziwani. Tochi, kwa mkoa ambao kwa miaka mingi uliishi kwa umeme wa jenereta. Spika ya kusikika hadi mtumbwi wa jirani. Betri ya siku kadhaa. Nyingi zilijengwa juu ya machipu ya MediaTek yaliyokuja tayari tayari, kiasi kwamba karakana ndogo ya Shenzhen iliweza kuunda simu. Wabunifu wakubwa wenye hataza lukuki hawakuiona Mwandiga. Karakana za Shenzhen ziliiona.

Ndiyo maana inaniuma ninapoona vyombo vyetu vina nguvu ya kukamata simu ya mnyonge, lakini havina swali hata moja kwa mwenye ada. Tume ya Ushindani tunaiona kwenye picha ikiteketeza bidhaa bandia. Vizuri. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya moto peke yake.

Hoja za wapinzani wangu

Wa kwanza atasema: "Bila ada hakuna utafiti, bila utafiti hakuna 5G." Nakubali walipwe. Nauliza walipwe kwa kipimo gani. Ahadi ya haki, kiasi na bila ubaguzi waliitoa wenyewe. Kumtoza wa chini asilimia kubwa kuliko wa juu ni kiasi cha nani?

Wa pili atasema: "Ni dola mbili tatu tu, kodi na bei ya bando ndiyo mzigo." Kweli kodi ni mzigo, na nitaendelea kuipigia kelele. Lakini kodi naweza kumuuliza mbunge wangu. Hii nimuulize nani? Tena Qualcomm si peke yake. Wapo Nokia, Ericsson, Huawei, Philips na wengine, kila mmoja na bakuli lake. Dola mbili tatu mara wenye bakuli wote si dola mbili tatu tena.

Wa tatu, huyu ni msomi wa sheria, atasema: "Hataza ni za nchi kwa nchi, Tanzania haihusiki." Asante ndugu, umenisaidia! Hataza isiyosajiliwa BRELA, au isiyopita ARIPO kule Harare ikaitaja Tanzania, haina nguvu hapa. Lakini ada inadaiwa kule simu inakotengenezwa, ambako hataza ipo, halafu inafichwa kwenye bei inayofika huku. Kwa hiyo unaweza kulipia hataza ambayo nchini kwako haipo. Hilo si jambo la kutufanya tukae kimya.

Nini kifanyike?

Kwanza, BRELA watoe orodha iliyo wazi, inayosomeka na mtu wa kawaida, ya hataza za mawasiliano zilizo hai Tanzania na tarehe zinazokufa. Hataza hufa! Nyingi za GSM za miaka ya 1990 zimeshakufa, na hilo ni jambo jema kwa kila kitochi.

Pili, Tume ya Ushindani ifungue jalada, peke yake au pamoja na wenzake wa Afrika Mashariki. Swali liwe moja: kwa nini Mchina ahesabiwe asilimia 65 ya bei na Mtanzania asijue anahesabiwa ngapi? Umoja wa Afrika ulipitisha Februari 2023 itifaki za ushindani na za miliki bunifu chini ya soko huru la bara. Wakorea hawafiki hata milioni 60, wakasikilizwa. Sisi bara zima ni zaidi ya bilioni moja. Tukiuliza kwa sauti moja, San Diego watasikia.

Tatu, TCRA kabla ya simu yoyote kuingia sokoni wanaikagua na kuithibitisha. Hapohapo wamtake mwagizaji aonyeshe ada za hataza zilizomo kwenye bei. Takwimu za jumla zichapishwe. Siri ndiyo silaha yao, tuanze na siri.

Nne, na hili ni letu sisi wenye vyeti. Tanzania, kama nchi nyingine zilizo nyuma kimaendeleo, ina msamaha wa sehemu kubwa ya masharti ya TRIPS hadi Julai 1, 2034. Tarehe hiyo si mbali. Mnaosoma sheria Mlimani, mnaosoma mawasiliano DIT, ni wangapi mnaweza kusoma hataza moja hadi mwisho na kusema hapa anadai nini? Tukifika 2034 bila watu hao, tutasaini tutakacholetewa.

Fundi wa pale Mwandiga anaweza kukwambia kwa kuangalia tu ubao wa simu kwamba hii chipu imeungua na ile inafaa kupandikizwa. Anaijua simu kwa vidole. Wanaopaswa kuijua kwa sheria na kwa hesabu ni sisi tuliokaa maofisini, na mpaka leo hatujampa jibu la swali dogo kabisa: katika bei ya simu hii, ni shilingi ngapi zimekwenda kwa mtu ambaye hata chipu yake haimo ndani?

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja aje nayo. Mwenye matusi ayatumie kumtukana aliyepanga ile asilimia.